Tonge Nililolikataa Mbele ya Akina Mama

Mwanangu, wewe ni mtu ambaye ningekuachia ufunguo wa nyumba na sufuria ikiwa jikoni, nikaenda zangu kanisani bila wasiwasi. Kwa hiyo hili nitakwambia bila kulipamba. Wengi wananijua kama Mama Neema mwenye mgahawa hapa Biharamulo, yule wa injera na mchuzi wa dengu, na wanadhani nilizaliwa na mkono huu. Sikuzaliwa nao. Nilifundishwa na mwanamke aliyetoka mbali, na kabla hajamaliza kunifundisha nilimkosea kosa ambalo hata leo likinijia naacha ninachofanya, nasimama kidogo.

Nakumbuka siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, wageni wameshanawa mikono. Lakini ngoja. Nikianzia hapo hutanielewa. Nianzie nyuma kidogo, nawe vumilia, maana mtu mzima akisimulia hupitia na kwa jirani.

Mimi ni Yudita wa Nyarubungo, mtoto wa mkulima. Shule niliiacha darasa la tano, mama alipougua na mashamba yakakosa mtu. Nilipofika miaka kumi na tisa nikaenda Nyakahura, huku huku Biharamulo, kwa shangazi yangu kutafuta kazi, kwa sababu pale barabara kubwa inapita, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanasimama, na penye watu wenye njaa hapakosi kazi. Kazi niliyoipata ilikuwa kwa Mama Selamu.

Huyu mama, mama yake alikuwa Mhabeshi wa Ethiopia na baba yake mtu wa Eritrea. Mume wake alikuwa dereva wa lori, mwenyeji wa Mabawe kule Ngara. Walikutana Nairobi, alikokuwa akipika katika mgahawa wa ndugu zake, wakaoana, akamleta kwao. Wakwe walimpenda. Lakini yeye hakuweza kukaa Mabawe akingoja mume arudi safari. Alikuwa akisema, "Mikono yangu ikikaa bure inawasha." Basi akambeba binti yake Selamu, akapanga fremu moja Nyakahura kando ya barabara, akaanza kupika vyakula vya kwao.

Sasa sikiliza jinsi alivyohangaika. Kwao injera hupikwa kwa nafaka iitwayo tefu, ndogo kuliko hata ulezi. Huku haipo. Akajaribu ulezi mtupu, injera ikapasuka. Akajaribu mtama mtupu, ikawa kama kandambili. Mwisho akachanganya mtama mweupe, ulezi na unga wa ngano kidogo, akaukoroga na maji, akauacha siku tatu uchachuke hadi utoe mapovu. Nilipouona mara ya kwanza nikamwambia, "Mama, mbona hili ni togwa?" Akanijibu, "Togwa ni binamu yake." Kisha anaumimina juu ya bamba la chuma alilotengenezewa na fundi wa kuchomelea, anafunika, na ukifunua unakuta mkate mpana, mwembamba, mlaini, wenye matundu matundu kama macho. Dengu alinunua kwa Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga, anazisaga na kuzipika mchuzi mzito unaoitwa shiro. Samli alinunua kwa wafugaji. Mchuzi wa nyama wa upande wa baba yake aliuita zigni, mwekundu kwa pilipili, unakula huku unalia na bado unaongeza. Na siku ya Jumatano na Ijumaa hakupika nyama wala hakugusa samli, kwa sababu ya mfungo wa kanisa la kwao. Kanisa lao lilikuwa mbali mno, kwa hiyo Jumapili alikuja kwetu, akakaa benchi la nyuma na shuka lake jeupe jembamba kichwani, akasali kwa lugha yake.

Watu walimcheka, lakini hakukasirika. Siku moja alikuja Mzee Masanja, mchuuzi wa ng'ombe. Tukamletea sinia, injera imetandikwa chini, michuzi juu yake. Akaiangalia, akaiangalia.

"Mama Selamu, chakula nimekiona. Ila mbona umekiweka juu ya taulo?"

"Taulo hilo ndilo unalolila, Mzee."

"Nile taulo? Na sabuni yake iko wapi?"

Watu wakacheka hadi wa dukani wakatoka. Mzee akamega, akachovya, akamega tena. Alipomaliza akagonga sinia na kidole. "Lete taulo lingine."

Basi hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda, mmoja leo, wawili kesho. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo watu hawakulicheka, walilinong'ona. Mama Selamu, akifurahi na mtu, alikuwa na desturi ya kwao: anamega injera, anaviringisha na mchuzi, anatengeneza tonge safi, na kwa mkono wake mwenyewe anakutia mdomoni. Wanaita gursha. Kwao ni heshima kubwa, ni kusema wewe ni wangu. Madereva wa kwao wakifika walikuwa wanafungua midomo kama makinda. Watu wetu waliangalia, na sokoni wakaanza kusema: yule mama analisha watu kwa mkono, anawafunga. Analo limbwata. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, hujipinda unavyotaka.

Na mimi je? Mimi jikoni nilikula. Nilikula hadi shangazi akashangaa mashavu. Nililishwa tonge jikoni si mara moja, nikacheka na kudai lingine. Lakini wasichana wenzangu wa kwaya waliponiuliza, "Yudita, na wewe unakula vile vitambaa?" nilijibu, "Aka! Mimi nafanya kazi tu." Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, ila sikuusikia, kwa sababu uongo mdogo hauumi siku ya kwanza.

Miezi minane ikapita. Mwenye lori akaliuza lori lake, mume wa Mama Selamu akakaa Mabawe bila kazi, na fremu inataka kodi. Wakati huohuo kanisa letu likawa linajiandaa kupokea mkutano wa akina mama wa siku tatu, wageni wanatoka Ngara na Biharamulo yote. Kamati ilikuwa inatafuta mpishi. Nikamtajia mwenyekiti wao, Mama Paskazia, kwamba bosi wangu anapika vizuri na dengu hailingani bei na nyama. Akasema, "Tutakuja kuonja."

Nilipompelekea Mama Selamu habari hiyo akakaa chini juu ya gunia la mtama. Akaniambia, "Yudita, kazi hii ikija, tunabaki. Isipokuja, mwezi ujao nafunga mlango, naenda Mabawe kulima maharage ya wakwe."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe utaolewa," akacheka. Lakini macho hayakucheka.

Ndiyo ile Jumanne sasa. Walikuja akina mama watano, Mama Paskazia mbele, kitambaa kimefungwa kichwani utadhani anakwenda kuhukumu. Tuliamka alfajiri siku hiyo. Sinia lilikuwa zuri hadi unaogopa kuligusa: zigni katikati, shiro, mboga za majani, mayai ya kuchemsha. Kahawa ilikuwa kwenye kikaango inakaangwa, harufu imejaa chumba. Niliwanawisha mikono kwa birika na beseni. Mama Selamu alikuwa na furaha kama bibi harusi. Akainama, akamega, akaviringisha tonge. Nikajua atamlisha Mama Paskazia. Hakumlisha yeye. Akanigeukia mimi niliyesimama na birika.

"Yudita, mwanangu. Wewe kwanza."

Mwanangu, mbele yangu palikuwa na macho kumi. Nikakumbuka maneno ya sokoni. Nikaona kesho wasichana wa kwaya wakisema, Yudita analishwa kama mtoto na yule wa limbwata. Nikafunga mdomo. Nikageuza uso pembeni. Nikasema, "Nimeshiba, Mama."

Nimeshiba! Saa sita mchana, sijala tangu jana.

Mkono wake ukabaki hewani. Mchuzi ukamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mama Paskazia akaangalia mdomo wangu, akaangalia ule mkono, akaangalia sinia. Kisha akarudisha mikono yake iliyonawa, akaiweka mapajani, na wenzake wanne wakafanya vilevile.

"Samahani, mama," akasema kwa upole. "Tulisahau kukwambia. Leo tumefunga."

Wakaondoka. Mama Selamu akaliweka lile tonge ukingoni mwa sinia, akafunika sinia kwa kawa, akaenda kuipua kahawa iliyokuwa imeanza kuungua. Angenitukana ningeshukuru.

Siku ya gulio, Alhamisi, habari ilikuwa imeshafika kabla ya jua. "Hata binti yake wa kazi hali chakula kile." Hivyo tu, na inatosha. Ungekuwa wewe ungeingia? Wenyeji hawakuingia. Mzee Masanja alipita na ng'ombe wake, akatupungia mkono kwa mbali kama mtu aliyekumbuka ana haraka. Madereva wawili watatu tu ndio walikula. Jioni nikamwona Mama Selamu amebeba ndoo ya unga uliochachuka siku tatu, anaumwaga migombani nyuma ya nyumba, na kuku wa jirani wanakimbilia.

Ujue pia kwamba mimi na yeye tulikuwa tunasoma madarasa ya jioni pamoja, pale shule ya msingi. Mimi nilikuwa namalizia nilichokiacha, yeye alikuwa anajifunza kusoma Kiswahili. Siku zote tulikaa dawati moja, tukishirikiana kitabu. Alhamisi ile alikuja, akanisalimu vizuri, akaenda kukaa dawati la mbele peke yake. Mwalimu akauliza, "Mmegombana?" Mama Selamu akajibu, "Hapana, mwalimu. Naona vizuri zaidi nikiwa huku." Nilisoma ukurasa mmoja saa nzima.

Jumamosi asubuhi nikavunja woga. Nikamkuta jikoni anachambua mawe kwenye dengu, kichwa ameinamia ungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, naomba unisamehe."

Akaendelea kuchambua. "Nimekusamehe. Tangu juzi nimekusamehe, sipendi kusali nikiwa na mtu moyoni." Akatupa jiwe. "Lakini Yudita, ulinikosea mbele ya watu watano. Radhi unaniomba mbele ya sufuria. Sufuria itamwambia nani?"

Hata wewe mwanangu usijifanye unalo jibu la hilo. Neno lile lilinipiga kuliko fimbo yoyote niliyochapwa kwetu Nyarubungo.

Usiku ule niliomba, na sikuomba kwa maneno mazuri. Nilimwambia Mungu, mimi ni mwoga, na wewe unajua, basi nisukume. Kesho yake baada ya ibada, akina mama wa kamati walikuwa nyuma ya kanisa wanasugua masufuria makubwa ya mkutano kwa majivu na mchanga. Nikaenda nikasimama mbele yao.

"Shikamooni, mama zangu. Nina neno. Ile siku nilisema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Ninakula kwa Mama Selamu kila siku, miezi minane sasa, na ninalishwa kwa mkono wake jikoni, na sijawahi kuumwa hata tumbo."

Mama Paskazia akanyoosha mgongo.

"Basi kwa nini ulifunga mdomo, wewe binti?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yenu."

"Yetu sisi?" Akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe sisi ni watu wa kuonewa aibu! Na haya masizi usoni." Mmoja akacheka, wa pili akafuata, na mimi machozi yakanitoka nikicheka nao.

Lakini Mama Paskazia hakuwa mtu wa kumaliza mambo kwa kicheko. Akaniambia, "Sikia. Wewe ni mtoto wa hapa. Kwetu mtu akikukaribisha, iwe rubisi ya wanywaji, iwe togwa, iwe chai, anaonja kwanza mbele yako ndipo anakupa. Ndiyo amani yenyewe. Yule mama hakuonja. Alichukua tonge akataka kulijaribu kwako, na wewe uliyemzoea ukalikataa. Ungekuwa mimi, ungefikiri nini?"

Kumbe Mama Selamu aliponipa heshima, wao waliona ninafanywa panya wa kupimia sumu!

"Kwao hawaonji, mama," nikasema. "Kwao wanalisha. Anayelishwa ndiye anayeheshimiwa."

"Sasa sisi tungejuaje?" Akachukua tena majivu. "Na lile la kufunga nililisema mimi, ni uongo, nami nitautubu. Mwambie tutarudi Jumatano. Lakini aonje kwanza."

Nikakimbia na habari njema, nikidhani nimemaliza. Mama Selamu aliposikia neno la kuonja akasimama wima.

"Nionje? Mimi? Nionje chakula changu kama mtu aliyeshikwa na polisi?"

"Mama, ni desturi tu."

"Desturi ya nani? Ndiyo kwanza naisikia leo. Miezi minane, Yudita. Miezi minane nina mtu wa hapa jikoni kwangu, anakula, anacheka, anaona wateja wanaangalia mikono yangu. Hakuniambia."

Mwanangu, hapo ndipo nilipojiona. Mpaka saa ile nilikuwa nadhani kosa langu ni lile la Jumanne, la dakika moja, la kufunga mdomo. Kumbe kosa lilikuwa la miezi minane. Mgeni hajui desturi, na hana hatia. Wenyeji hawajui desturi ya mgeni, na wao hawana hatia. Aliyezijua zote mbili alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amesimama katikati ameshika birika, amenyamaza. Nilikuwa daraja, nikajilaza pembeni, na watu wakazama pande zote mbili.

Na kuna jambo jingine nililijua tangu utoto, ila sikulifikiria: kwetu si lazima aonje mwenye nyumba. Anaonja yule anayekuletea. Mimi ndiye niliyekuwa naleta.

Nikamwambia, "Mama, wewe usionje. Wewe lisha unaotaka kuwalisha. Kuonja ni kazi ya anayeandaa mezani, na hiyo ni kazi yangu. Ilikuwa kazi yangu tangu siku ya kwanza, sikuifanya."

Akanigeukia. "Mbele yao?"

"Mbele yao. Na mbele ya kila mtu atakayekaa hapa."

Akaenda kuupima mtama.

Jumatano ikafika. Ilikuwa siku yake ya mfungo, kwa hiyo hapakuwa na nyama, ni shiro, kabichi na karoti, viazi, na mchuzi wa dengu nzima wenye pilipili. Akina mama wakaja walewale watano. Nikawanawisha. Nikaweka sinia. Kisha nikapiga magoti pembeni ya sinia, kama msichana wa kwetu anavyopaswa, nikamega. Sikumega ukingoni. Nilimega katikati kabisa, pale michuzi yote inapokutana, ili pasiwe na mtu wa kusema nimechagua upande. Nikatia mdomoni, nikatafuna polepole, wote wananitazama koo. Pilipili ikanishika, nikakohoa mpaka machozi.

"Anakufa!" mmoja akasema.

"Akifa tutamzika, kwaya ipo," akajibu Mama Paskazia. "Tumwombee kwanza au tule kwanza?"

Nikameza. Nikasema, "Karibuni chakula, mama zangu."

Mama Paskazia akamega. Akala. Akamega tena, kubwa kuliko la kwanza. Hakusifu haraka, yeye si mtu wa hivyo. Alipofika kwenye shiro ndipo aliposema, "Hizi dengu nimezila tangu nilipoolewa na sikujua zina utamu huu. Mchuzi ni mzuri. Hiki kitambaa," akainua injera kwa vidole viwili, "hiki tutakizoea."

Walikula hadi chuma cha sinia kikaonekana. Lakini usifikiri walimpa mkutano wote, maana Mungu hutupa hatua, safari tunatembea wenyewe. Mama Paskazia alisema, "Ijumaa mchana tu. Siku nyingine tutapika wali wetu." Mimi niliumia. Mama Selamu akajibu pale pale, "Ijumaa inanitosha."

Na kweli ilitosha. Ijumaa ile nilizunguka kundi kwa kundi, kila sinia namega katikati, naonja, nasema karibuni, mpaka tumbo likawa kama ngoma. Wapo waliokataa wakaomba ugali, nao walipewa, hakuna aliyelazimishwa. Lakini wengi walikula, na kahawa ilipokaangwa mbele yao, mama mmoja mtu mzima kutoka Ngara alilia. Akasema, "Nimelima kahawa miaka yote, nimeuza kwa magunia, nyumbani tunakunywa chai ya rangi. Leo ndiyo nakunywa jasho langu." Waliporudi makwao wakaeleza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kabla mvua hazijaisha, waliokuja Nyakahura kwa safari zao walikuwa wanauliza wenyewe, "Yule mama wa Ijumaa yuko wapi?" Na Mzee Masanja alirudi, hakueleza alikokuwa, alisema tu, "Taulo."

Mama Selamu hakufunga mlango. Mume wake aliacha kutafuta lori, akawa anatununulia dengu na samli. Miaka ilivyosogea akafungua mgahawa mwingine Ngara mjini, karibu na wakwe. Huu wa hapa Nyakahura alinikabidhi mimi nilipomaliza madarasa ya jioni na kupata cheti changu, na jina lake bado liko ukutani juu ya langu. Kwenye harusi yangu alisimama mahali pa mama yangu, kwa sababu mama alikuwa ameshatangulia. Watoto wangu wanamwita bibi. Alinisamehe kabisa, hilo nashuhudia mbele za Mungu.

Ila nitakwambia ukweli mmoja ambao sijawaambia wengi. Tonge lile hakuninyooshea tena. Tumekula sinia moja zaidi ya miaka ishirini, nimemwona akilisha madereva, akilisha Selamu, akilisha wanangu, akimlisha hata Mama Paskazia siku ya Pasaka. Mimi ananisogezea upande wenye nyama nzuri, ananiambia kula mwanangu. Mkono hauji. Sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kusema. Najua hana kinyongo. Najua pia kwamba mkono unakumbuka mambo ambayo moyo umeshayasamehe. Nimejifunza kuketi na hilo bila kununa, na kazi yangu naifanya kwa furaha.

Sasa basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na ninaisema nikiwa nimesimama imara. Unachokila jikoni, kile na sebuleni. Mtu anayekupa heshima mafichoni, usimwonee aibu hadharani, kwa sababu watu hawatauliza moyo wako unasemaje, watatazama mdomo wako. Ukikosea mbele za watu, tubu mbele za watu walewale. Usilete radhi kwa sufuria. Na ukijaliwa kuzijua njia za watu wa pande mbili, za kwenu na za mgeni wako, usizikalie. Sema. Eleza. Onja wewe kwanza. Leo wageni wanakuja na vyakula vyao na biashara zao, na nyinyi vijana mna simu za kuuliza kila kitu, lakini simu haitakaa karibu na sinia ikamege kwa niaba yako. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi naongeza: hata ulimi ulionyamaza hujikwaa.

Mungu akupe mdomo usioogopa kweli na mkono unaokaribisha. Akulinde na njaa, na zaidi akulinde na kushiba kwa uongo. Mgeni wako asiondoke mlangoni kwako akiwa mgeni.

Na hili nililokwambia usilifungie kabatini kama vyombo vya wageni. Msimulie mdogo wako mkiwa mnapika, mwambie naye amsimulie mwenzake. Jina langu mkilisahau si neno, lakini lile tonge na mkono uliobaki hewani, hayo myasimulie yote, bila kupunguza.